Nakala Ubaoni, Nakala Simuni: Haki ya Mtunzi na Vifaa vya Kufundishia katika Shule za Kivu tangu 1948

1. Utangulizi

Kunakili ni kazi ambayo kila mwalimu wa Kivu Kusini huifanya kila siku, na ambayo ni nadra kuizungumzia. Mwalimu hunakili kitabu ubaoni, mwanafunzi hunakili ubao daftarini, na daftari la mwaka huu huazimwa na mwanafunzi wa mwaka ujao, ambaye naye hulinakili. Katika shule nyingi za vijijini kitabu cha kiada ni kimoja kwa darasa zima, nacho hukaa mezani pa mwalimu. Kwa hiyo si kosa kusema kwamba ubao ndio mashine ya kwanza ya uchapaji katika shule zetu.

Siku hizi mashine hiyo imepata mwenzake. Atokaye Bukavu kuelekea Kavumu hupita Mudaka, katika Kabare, mahali panapojulikana hasa kwa soko lake. Humo, karibu na wauzaji wa maharage, mihogo na nguo za mitumba, hukosi kumwona kijana mwenye meza ya simu. Huchaji betri, huuza vocha, na kwa malipo madogo hujaza kadi ya kumbukumbu nyimbo, filamu na, mteja akiomba, vitabu. Mwalimu anayetafuta sarufi ya Kifaransa au hesabu za darasa la sita huweza kurudi nyumbani na vitabu kumi ndani ya kitu kisichozidi ukucha. Hajui vimetoka wapi, na aliyemjazia naye hajui.

Makala haya yanauliza nakala ya namna hiyo ni ya nani, na tangu lini swali hilo limekuwa swali la sheria. Hoja tutakayoitetea ina sehemu tatu. Kwanza, shule zetu hazijawahi kuishi bila kunakili, ilhali sheria ya hakimiliki ilitufikia ikiwa imemfikiria mchapishaji na mnunuzi, siyo mwalimu mwenye kitabu kimoja. Pili, vifaa vya kidijitali havikulizaa tatizo hili. Vimelitoa tu mafichoni. Tatu, mtunzi ana haki mbili, ya kulipwa na ya kutajwa jina. Ya kwanza tumeshindwa kuitimiza kwa sababu ya umaskini. Ya pili tumeipoteza bila sababu yoyote ya umaskini, na tunaweza kuirudisha.

2. Nakala kabla ya hakimiliki

Neno nakala limetoka katika Kiarabu, ambako mzizi wake una maana ya kuhamisha kitu kutoka mahali hadi mahali. Katika upwa wa Waswahili kunakili kwa mkono ndiyo iliyokuwa njia ya kuhifadhi na kueneza utungo ulioandikwa. Tendi ziliandikwa kwa hati za Kiarabu, zikasomwa mbele za watu, zikanakiliwa, kisha nakala zikazaa nakala nyingine. Muhamadi Kijuma wa Lamu, aliyefariki mwaka 1945, aliwanakilia miswada wataalamu kama Alice Werner, William Hichens na Ernst Dammann. Sehemu kubwa ya tunayoyasoma leo katika ushairi wa kale wa Lamu imepita katika kalamu yake.

Hata hivyo, desturi hiyo haikuwa bila kanuni. Mtunzi wa utendi mara nyingi alijitaja katika beti za mwisho, na mnakilishi naye mara nyingi aliandika jina lake na tarehe chini ya mswada. Msomaji wa nakala ya tatu au ya nne aliweza kujua nani alitunga na nani alinakili. Ruhusa ya kunakili haikuandikwa popote, lakini kutaja jina kulikuwa sehemu ya adabu ya kazi.

Kiswahili kiliingia Maniema na Kivu pamoja na misafara ya biashara ya karne ya 19, lakini desturi ya miswada haikushika mizizi huku kama ilivyoshika pwani. Shule ya huku ilianzishwa na misheni, ikaja na hati za Kilatini, mashine ya kupigia chapa, na kitabu ambacho mara nyingi kilikuwa na jina la shirika pasipo jina la mtu. Makatekista na walimu Waafrika waliosaidia kutafsiri na kusahihisha lugha ya vitabu hivyo kwa kawaida hawakutajwa. Hapo ndipo tunapokutana kwa mara ya kwanza na maandishi ya shule yasiyo na mwandishi, na mazoea hayo yamedumu.

3. Sheria mbili zisizokutana: 1948 hadi 1986

Mkataba wa Berne wa kulinda kazi za maandishi na sanaa ulitiwa sahihi mwaka 1886, na Ubelgiji ilikuwa miongoni mwa nchi za kwanza kuukubali. Koloni ilingoja. Dikri ya tarehe 21 Juni 1948 ndiyo iliyoweka ulinzi wa haki za watunzi katika Kongo ya Kibelgiji, na mwezi Desemba mwaka huohuo Mkataba wa Berne ukaanza kutumika nchini. Vitabu vingi vya shule wakati huo vilitoka Ubelgiji, hivyo waliolindwa kwanza walikuwa wachapishaji wa huko. Baada ya uhuru, mwaka 1963, serikali ya Kongo ilitangaza kwamba inaendelea kuwa mwanachama wa Mkataba.

Mwaka huohuo wa 1963 wataalamu wa nchi za Afrika walikutana Brazzaville, ng'ambo ya mto kutoka mji wetu mkuu, kuzungumzia hakimiliki. Dai lao kubwa lilihusu elimu: nchi changa haziwezi kujenga shule ikiwa kila ukurasa unangoja idhini na malipo kutoka Ulaya. Dai hilo lilifika Stockholm mwaka 1967, ambako itifaki maalumu kwa ajili ya nchi zinazoendelea ilikubaliwa. Wachapishaji wa nchi tajiri waliipinga vikali, na haikupata nguvu iliyokusudiwa. Mjini Paris, mwaka 1971, ikabadilishwa kuwa kiambatisho cha Mkataba, chenye masharti mazito zaidi.

Kiambatisho cha Paris kinastahili kuangaliwa kwa makini na wanafunzi wa Kiswahili, kwa maana lugha yetu inahusika moja kwa moja. Kinairuhusu nchi inayoendelea kutoa leseni ya kutafsiri kitabu kwa ajili ya mafundisho hata kama mwenye haki hajakubali, maadamu atalipwa fidia ya haki. Muda wa kungoja kwa kawaida ni miaka 3 tangu kitabu kichapishwe. Lakini ikiwa lugha inayotafsiriwa haitumiki kwa kawaida katika nchi zilizoendelea, muda unakuwa mwaka 1. Kiswahili ni lugha ya namna hiyo. Kwa upande wa kuchapisha upya kitabu kilicho adimu nchini, muda wa kawaida ni miaka 5. Kwa vitabu vya hisabati na sayansi ni 3, na kwa riwaya, mashairi na tamthilia ni 7.

Kwa nini basi hatuna rafu zilizojaa tafsiri za Kiswahili zilizopatikana kwa njia hii? Ni kwa sababu serikali yapaswa kwanza itoe taarifa rasmi kwamba itautumia mlango huo. Kisha mwombaji amtafute mwenye haki, amwandikie, angoje miezi, atafute mamlaka ya kutoa leseni, na nakala zisitoke nje ya nchi. Sharti hili la mwisho peke yake linatosha kuivunja nguvu lugha inayovuka mipaka kama Kiswahili. Nchi zilizoupita mlango huo ni chache sana. Mwalimu wa Kabare hakupata hata fununu yake.

Mwaka 1986 nchi yetu, ikiitwa Zaire, ilipata sheria mbili. Tarehe 5 Aprili ilitolewa Sheria-Amri Na. 86-033 juu ya haki za watunzi na haki jirani, iliyochukua nafasi ya dikri ya 1948. Tarehe 22 Septemba ikaja Sheria Na. 86-005 juu ya elimu ya taifa. Ya kwanza inamlinda mtunzi maisha yake yote na miaka 50 baada ya kifo chake. Inaruhusu nukuu fupi kwa ajili ya kufundisha, mradi chanzo kitajwe. Haimpi mwalimu ruhusa ya kurudufu kitabu kizima kwa ajili ya darasa. Ya pili inapanga shule, lakini haijibu vitabu vya shule hizo vitapatikanaje bila kuivunja ya kwanza. Chombo cha kukusanya malipo ya watunzi kilikuwapo tangu 1969, nacho kiliitwa SONECA. Mwaka 2011 nafasi yake ilichukuliwa na SOCODA. Vyote viwili vilijulikana zaidi kwa wanamuziki kuliko kwa waandishi wa vitabu vya shule.

4. Stensili, fotokopi na silabusi

Wakati sheria zikiandikwa Kinshasa, kunakili kuliendelea kwa vyombo vipya. Mfano bora wa enzi ya stensili haukutoka shuleni. Mwaka 1965, mjini Elisabethville, ambao tangu 1966 unaitwa Lubumbashi, André Yav alikusanya historia ya mji huo kama ilivyokumbukwa na watumishi wa nyumba za Wazungu, akaiandika kwa Kiswahili cha Katanga. Kilikuwa kijitabu kilichopigwa taipu, pasipo mchapishaji wa kawaida. Mwaka 1990 Johannes Fabian alikitoa pamoja na tafsiri ya Kiingereza na maelezo, na mwanzoni mwa miaka ya 2000 matini yake yakawekwa katika intaneti, katika hifadhi ya Kiswahili cha watu wa kawaida iliyotunzwa mjini Amsterdam. Maandishi hayo yamehama kutoka taipu hadi kitabu, na kutoka kitabu hadi kompyuta. Katika safari hiyo yote jina la Yav halikudondoka. Kwa hiyo si kweli kwamba kunakili, kwa asili yake, humfuta mtunzi.

Shuleni na vyuoni mambo yalikwenda kinyume. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mishahara ya serikali ilikauka, na tangu miaka ya 1992 na 1993 wazazi ndio waliobeba malipo ya walimu. Maktaba hazikununua vitabu vipya. Mashine ya fotokopi ikawa maktaba ya pili, na kando ya kila chuo cha Bukavu pakaota vibanda vya fotokopi. Katika hali hiyo ilikomaa bidhaa ambayo kwetu huitwa silabusi. Msomaji wa Dar es Salaam atambue kwamba neno hili kwetu halina maana ya muhtasari wa somo. Silabusi ni maandishi kamili ya kozi, yaliyokusanywa na mwalimu, yakapigwa taipu, yakarudufiwa na kuuzwa kwa wanafunzi.

Silabusi iliokoa elimu ya juu ya nchi hii, na haifai kuidharau. Kwa miaka mingi mwanafunzi hakuwa na kitabu kingine. Lakini kwa jicho la sheria ni kitu chenye nyuso mbili. Jalada lina jina la mwalimu, na kwa sheria ya 1986 mwalimu huyo ni mtunzi anayelindwa. Ndani, aghalabu, mna kurasa nzima za vitabu vya watu wengine zisizo na alama za kunukuu. Mwalimu anayelalamika kwamba wanafunzi wanarudufu silabusi yake pasipo kuinunua ana haki. Lakini wale aliowarudufu yeye nao wana haki, na hawapo darasani kulalamika.

5. Kadi, simu na leseni huria

Tarehe 20 Desemba 1996 Mkataba wa Hakimiliki wa Shirika la Miliki Bunifu Duniani ulikubaliwa mjini Geneva, pamoja na tamko kwamba kuhifadhi kazi ya mtu katika kompyuta ni sawa na kuinakili. Kwa ufahamu huo, kijana wa Mudaka anapohamisha kitabu katika kadi ni mnakilishi, kama alivyo mwenye mashine ya fotokopi. Tofauti ni kwamba fotokopi hufifia kizazi baada ya kizazi, na kila ukurasa una bei. Nakala ya simu haififii, wala ya mia haigharimu zaidi ya ya kwanza.

Wakati huohuo, upande wa watunzi, lilizuka wazo lingine. Creative Commons ilianzishwa Marekani mwaka 2001 ikatoa leseni zake za kwanza mwezi Desemba 2002. Mwaka huohuo wa 2002, katika kikao cha UNESCO, lilipatikana jina la rasilimali huria za elimu, na mwaka 2019 UNESCO ikapitisha pendekezo rasmi juu yake. Leseni huria haimnyang'anyi mtunzi hakimiliki. Ni mtunzi mwenyewe anayetangaza mapema: nakilini, gawaneni, pengine hata badilisheni, kwa masharti haya. Masharti hutofautiana, kwani wengine hukataza biashara na wengine hukataza kubadilisha. Lakini sharti moja limo katika leseni zake zote kuu, nalo ni kutaja jina la mtunzi.

Mradi wa African Storybook, ulioanzishwa na taasisi ya Saide ya Afrika Kusini na kufunguliwa katika intaneti mwaka 2014, ni mfano ulio karibu nasi. Hadithi zake za watoto zipo kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine nyingi za Afrika. Mwalimu anaruhusiwa kuzichapa, kuzitafsiri na kuzirekebisha, na kila hadithi hubeba majina ya mwandishi, mchoraji na mtafsiri. Vilevile programu za Kolibri na Kiwix zimebuniwa ili kompyuta moja ndogo iwagawie wanafunzi vitabu, masomo na Wikipedia bila intaneti. Kwa shule ya kijijini isiyo na mtandao wa kuaminika, chombo cha namna hiyo chafaa kuliko jukwaa linalodai vifurushi kila siku.

Mambo mawili ya hapa nchini yaliongeza uzito wa suala hili. Sheria ya Elimu Na. 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014 ilizirudishia lugha za taifa na lugha za mazingira nafasi shuleni, kama lugha za kufundishia na kama somo. Hivyo Kiswahili, na pia Mashi, vilihitaji vitabu ambavyo havikuwapo. Kisha, mwezi Machi 2020, shule zilifungwa kwa sababu ya korona. Radio Okapi ikatangaza masomo hewani, na walimu wa mijini wakaanza kutuma masomo kwa WhatsApp. Kwa mara ya kwanza somo la mwalimu wa kawaida lilitoka nje ya kuta za darasa lake, likafika kwa watu asiowajua, likatumwa tena bila yeye kuulizwa. Bukavu na Kavumu zilipofikiwa na vita mwezi Februari 2025, familia zilizokimbia hazikubeba makabati ya vitabu. Zilibeba simu.

Kanuni ya Dijitali, Sheria-Amri Na. 23/010 ya tarehe 13 Machi 2023, imegusa mambo mengi ya mitandao, lakini msingi wa haki za mtunzi umebaki katika sheria ya 1986. Ifahamike pia kwamba nchi yetu, mwanachama wa Shirika la Biashara Duniani tangu 1997, imo katika kundi la nchi zenye maendeleo duni zilizopewa muda hadi tarehe 1 Julai 2034 kabla ya kubanwa na masharti ya shirika hilo juu ya miliki bunifu. Mkataba wa Berne bado unatufunga. Lakini ndani ya Berne mna nafasi iliyoachwa makusudi kwa ajili ya mafundisho, na bunge likitaka, linaweza kuiandika kwa lugha ambayo mwalimu ataielewa.

6. Suala la jina

Mwandishi wa makala haya alijifunza uzito wa jambo hili kwa kosa lake mwenyewe. Miaka michache iliyopita aliletewa na mwanafunzi mazoezi ya ngeli za Kiswahili yaliyokuwa yakizunguka katika kundi la simu la walimu. Yalikuwa mazoezi yake, neno kwa neno, pamoja na kosa la chapa katika swali la saba. Jina lake lilikuwa limeondolewa na jina la mtu mwingine limewekwa. Alikasirika, akaketi kuandika barua ya malalamiko. Ili kuthibitisha kwamba kazi ni yake, alifungua maandalio yake ya zamani, akakuta kwamba karibu nusu ya mifano aliichota katika kitabu cha sarufi alichokisoma akiwa mwanafunzi wa lisanse. Kitabu hicho hakukitaja popote. Barua haikutumwa.

Kisa hiki ni kidogo, lakini kinaonyesha mnyororo mzima. Hakuna kiungo katika mnyororo huo ambacho kingegharimu fedha kukirekebisha. Mwandishi asingeweza kulipia haki ya mifano ile, lakini mstari mmoja wa kutaja kitabu ungetosha, na nukuu fupi zingekuwa halali kabisa kwa sheria ya 1986. Mwalimu aliyeondoa jina naye hakupungukiwa na kitu ila adabu.

Hasara inakuwa kubwa zaidi katika lugha za nyumbani. Wanafunzi wetu wa isimu hukusanya hadithi na methali za Mashi kutoka kwa wazee wa Kabare na Walungu. Hadithi hizo huingia katika tasnifu, kutoka tasnifu huingia katika silabusi, kutoka silabusi huingia simuni. Kufikia hapo mzee aliyesimulia hana jina, kijiji hakina jina, na msomaji hawezi tena kupima kama matini ni ya kweli au yamebuniwa. Kwa mwanaisimu, jina la msimulizi ni haki yake. Pia ni ushahidi wa kitaaluma: data zisizo na mwenyewe ni data zisizoweza kuthibitishwa.

7. Hitimisho

Tumeona kwamba sheria ya hakimiliki iliingia Kongo mwaka 1948 ikiwalinda zaidi wachapishaji wa mbali, kwamba juhudi za Brazzaville na Stockholm za kuifungulia elimu mlango ziliishia katika masharti mazito ya Paris, na kwamba sheria mbili za 1986 zilipita kando kwa kando bila kukutana. Katika muda huo wote shule iliishi kwa ubao, stensili, fotokopi na, sasa, simu. Kumwita mwalimu wa Mudaka mwizi ni kutoijua historia hii. Lakini kusema kwamba umaskini unaruhusu kila kitu pia ni kutoijua, kwa maana wanakilishi wa Lamu na kijitabu cha Yav vinatuonyesha kwamba nakala inaweza kusafiri mbali pamoja na jina la mwenyewe.

Mambo matatu yamo ndani ya uwezo wa idara na shule zetu, pasipo kungoja bajeti wala bunge. La kwanza ni kuandika, katika kila silabusi na kila faili la somo, jina la aliyeandaa, mwaka, na vitabu alivyochota. La pili ni kwa mwalimu atakaye kazi yake isomwe kutangaza ruhusa yake kwa sentensi moja ya Kiswahili kwenye ukurasa wa kwanza, ili anayenakili ajue mipaka. La tatu ni kuchagua kwanza, kwa ajili ya kompyuta na kadi za shule, vitabu ambavyo watunzi wake wamekwisha kuturuhusu.

Baada ya hapo ndipo tutakapokuwa na uso wa kudai kwa wabunge kifungu cha kueleweka juu ya mafundisho, na kwa jamii malipo kwa wanaoandika vitabu vya Kiswahili na vya Mashi. Kijana wa Mudaka ataendelea kujaza kadi. Tuhakikishe kwamba anapojaza kitabu kilichoandikwa na mmoja wetu, jina la mwandishi linahama pamoja na maneno yake.